Macho yametulia, je niache vidonge?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 34, nakaa Tandahimba. Mimi na mume wangu tunalima korosho, na msimu ukipita nauza samaki wakavu gulioni.

Mwaka jana, wakati wa kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, jicho langu la kushoto lilianza kuwa jekundu. Sikushtuka, kwa sababu huku kwetu salfa ikianza kila mtu macho yanamwasha. Nikanawa, nikasubiri. Lakini wekundu ule haukuwa na tongotongo. Jicho lilikuwa linauma kwa ndani, na mwanga wa jua nikawa siuwezi, mpaka nikitoka nje najifunika kanga usoni. Duka la dawa wakanipa matone. Jicho likatulia, nikayaacha, likarudi. Nikanunua tena, ikawa hivyo hivyo, mpaka jicho la kulia nalo likaanza, na la kushoto nikawa naona kama niko ndani ya chandarua.

Mume wangu akakopa hela, tukaenda hospitali kubwa Mtwara mjini. Daktari wa macho akanikagua kwenye ile mashine ya kuweka kidevu, akasema uvimbe uko ndani ya jicho. Nikapigwa eksirei ya kifua, nikapimwa makohozi, virusi vya UKIMWI na kaswende. Kifuani zilionekana tezi zimevimba pande zote mbili. Makohozi hayakuwa na TB. Nilikuwa pia na vinundu mkononi ambavyo sikuvijali, wakakata kinyama kidogo wakapeleka kupima. Jibu lilirudi kwamba ni ugonjwa unaoitwa sarkoidosisi.

Nilipewa matone ya aina mbili na vidonge vya prednisoloni, vya kutuliza uvimbe. Namshukuru Mungu, macho yametulia, hayaumi tena. Tatizo ni hivyo vidonge. Mashavu yamevimba, nina njaa muda wote, usiku silali. Gulioni wananiambia nimenenepa, wengine wanauliza kama nina mimba.

Kubwa zaidi ni nyumbani. Wifi yangu amesema hii ni TB, madaktari wamenificha. Mama mkwe amenitengea sahani na kikombe, na mtoto wangu mdogo analala kwake. Si mtu mbaya, mama, amenilea kama mwanawe, ila ameogopa. Anataka twende kwa mganga, na ameshapata dawa ya majani ya kukamulia machoni. Mume wangu yuko katikati, hajui amsikilize nani.

Naomba unisaidie. Hii ni TB au siyo? Kwa kuwa macho hayaumi, naweza kuacha vidonge nikabaki na matone? Na lile tone moja, nikiliweka siwezi hata kusoma ujumbe wa simu, je halinipofushi? Tarehe ya kliniki imekaribia, salfa inaanza, na hela ya nauli hatuna mpaka korosho ziuzwe.

Mama wa watatu, Tandahimba

*

Marahaba mwanangu. Pole sana.

Nianze na lile lisiloweza kusubiri. Vidonge usiviache. Usiache leo, usiache wiki ijayo, wala usikate nusu kwa hesabu yako mwenyewe. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza homoni ya jamii hiyo hiyo ya prednisoloni. Mtu akimeza vidonge hivi kwa wiki nyingi, tezi hupunguza kazi kwa sababu mwili unapata homoni kutoka nje. Ukikata ghafla, tezi bado hazijaamka. Hapo ndipo mtu anapoishiwa nguvu, anatapika, presha ya damu inashuka, na anaweza kupoteza maisha. Ndiyo maana daktari hushusha dozi ngazi kwa ngazi. Na siku ukipata malaria ukawa unatapika kila unachomeza, vidonge vikiwemo, usikae nyumbani. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na neno la kwanza uwaambie kwamba unatumia prednisoloni.

Sasa tuje kwenye macho kutulia, maana hapa ndipo wagonjwa wengi wanapopotelea, na nimeona watu waliopoteza jicho wakiwa hawana maumivu yoyote.

Jicho lina tabaka la kati lenye mishipa mingi ya damu. Mbele, tabaka hilo ndiyo ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni. Nyuma, limelala chini ya retina, utando unaopokea picha ya unachokitazama. Tabaka hilo likivimba, madaktari huita yuveitisi. Uvimbe ukiwa mbele, mara nyingi jicho huwa jekundu, huuma na kukimbia mwanga, kama ulivyoanza wewe. Ukiwa nyuma, jicho haliumi na pengine halina wekundu hata kidogo. Mtu huona vidoa vyeusi vinavyoelea, au ukungu, au mlango ulionyooka anauona umepinda. Sarkoidosisi inaweza kushika mbele, nyuma, au kote kwa pamoja, na inaweza kuendelea taratibu bila kukuonyesha chochote mpaka maji yamejaa katikati ya retina. Wewe ukijitazama kwenye kioo huwezi kujua. Daktari anajua kwa kukupanua mboni na kuchungulia ndani kwa mashine.

Halafu kuna madhara yanayotokana na dawa yenyewe, nayo pia hayaumi. Dawa za jamii ya prednisoloni, hasa za matone, kwa baadhi ya watu hupandisha presha ya jicho. Presha ya kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Ikipanda juu ya hapo ikakaa, inakula mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na kilicholiwa hakirudi. Dawa hizo hizo, na uvimbe wenyewe, huleta mtoto wa jicho mapema. Hilo linaweza kufanyiwa upasuaji, ila upasuaji husubiri mpaka uvimbe utulie kabisa kwa miezi kadhaa.

Umeona basi kwamba dawa inayookoa jicho lako inahitaji mtu wa kuilinda, na mlinzi huyo ni kliniki. Hili ndilo linalonisikitisha nikisoma habari ya yale matone ya dukani. Sijaiona chupa, kwa hiyo sitaapa, lakini dawa inayotuliza jicho kila ukiiweka, na jicho likarudi kuwaka kila ukiiacha, yaelekea ilikuwa ya kundi hili hili, ukaitumia muda wote huo bila mtu kukupima presha ya jicho. Sikulaumu, uliyemwamini alikuwa na koti jeupe. Ila matone yoyote ya macho yasiyoandikwa na daktari, kuanzia sasa hapana.

Hii ni TB? Kwa vipimo ulivyonieleza, hapana. Nitakueleza kwa nini watu wanachanganya, na si wifi yako peke yake. Katika magonjwa yote mawili, askari wa mwili hujikusanya na kutengeneza vinundu vidogo sana. Kwenye TB wanajikusanya kumzunguka bakteria. Kwenye sarkoidosisi wanajikusanya, bakteria hayupo, na mpaka leo sayansi haijajua kilichowaita. Zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 vinundu hivyo hukaa kwenye mapafu au kwenye tezi za kifuani, ndiyo maana eksirei yako ilifanana na ya mgonjwa wa kifua. Vinundu vya ngozi vilivyokatwa mkononi mwako ni sehemu ya ugonjwa huo huo. Daktari wa Norwei, Caesar Boeck, alivieleza mwaka 1899, na kutokana na maelezo yake ndipo ugonjwa ulipopatia jina. Kwa hiyo si jina lililobuniwa juzi kukuficha kitu.

Tena fikiria hivi. TB nchini kwetu inapimwa na kutibiwa bure katika vituo vya serikali, na ukikutwa nayo unaandikishwa, unaanzishiwa dawa, na watu wa nyumbani kwako wanaitwa kupimwa. Daktari anayekuta TB hana sababu ya kuificha. Na angekuwa na wasiwasi nayo asingekupa prednisoloni peke yake, kwa sababu dawa hii hushusha kinga na TB ingewaka. Kwa sababu hiyo hiyo, uwe macho: ukikohoa wiki mbili, au jasho la usiku, au homa za jioni, au ukianza kukonda wakati unakula vizuri, rudi upimwe makohozi upya. Mtu mwenye sarkoidosisi hajakingwa na TB.

Sarkoidosisi haiambukizi. Haiambukizi kwa kikombe, kwa kulala pamoja, kwa kunyonyesha wala kwa ndoa. Na hata ingekuwa TB, sahani ya peke yako isingemkinga mtu, maana TB hupita hewani na si kwenye vyombo. Mwanao mdogo arudi kwako.

Mama mkwe umesema ameogopa, na mimi nakuamini. Mtu aliyeogopa hashindwi kwa mabishano ya jikoni. Muombe mume wako akusindikize kliniki, aingie ndani, aulize mwenyewe kwa daktari kama ugonjwa huu unaambukiza. Jibu akirudi nalo yeye kwa mama yake litasikika kuliko likitoka kwako. Akitaka mama naye aende, bora zaidi.

Kuhusu mganga, sitaingilia dua wala imani ya nyumba yenu. Ila majani ya kukamulia machoni nayakataa kwa nguvu zote, na mpelekee mama mkwe neno hili kutoka kwangu kwa heshima. Maji ya majani hayafiki ndani ya jicho ulipo uvimbe, yanaishia kwenye kioo cha mbele. Huko yanaweza kuchubua na kuingiza vijidudu, na jicho linalowekewa prednisoloni halina nguvu ya kupambana nao. Mwanzoni mwa mwaka 2024, macho mekundu ya virusi yalipoenea Dar es Salaam na mikoa mingine, watu walijitilia kila kitu machoni. Wengi wao ugonjwa ungeisha wenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Wako si ule.

Lile tone linalokuzuia kusoma nadhani ni atropini au ndugu yake. Halikupofushi. Kazi yake ni kupanua mboni na kuilegeza, kwa sababu jicho likiwa limevimba, ile sehemu yenye rangi hunata kwenye lenzi iliyo nyuma yake, na ikishanata mboni hubaki na umbo la ajabu, maji ya ndani ya jicho hukosa njia, presha hupanda kwa kasi. Mboni iliyopanuka haiwezi kusoma karibu na huumizwa na mwanga. Daktari akilisimamisha, uwezo wa kusoma unarudi, ingawa kwa atropini unaweza kusubiri hata wiki moja au mbili. Vaa miwani ya jua na kofia pana au kanga. Na chupa hiyo iwe juu kabisa watoto wasikoifikia, mtoto akiinywa ni sumu.

Tone la pili, la prednisoloni, kama ni lile la rangi ya maziwa, dawa yake hutuama chini ya chupa. Usipotikisa unaweka maji matupu. Nawa mikono, tikisa vizuri, vuta kope la chini kwa kidole mpaka kitengeneze kijifuko, dondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho wala kope. Fumba taratibu bila kukaza, bonyeza kwa kidole pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili, dawa isiteremke kooni. Subiri dakika tano ndipo uweke la aina nyingine. Ukionja uchungu kooni, ujue hukubonyeza pale penyewe. Na chupa ikishafunguliwa, mwezi ukipita itupe hata kama imebaki.

Mashavu, njaa na kukosa usingizi ni vya dawa, na hupungua dozi inaposhuka. Meza vidonge vyote asubuhi baada ya kula, isipokuwa kama daktari alikupangia vingine. Hiyo peke yake huwasaidia wengi kulala. Punguza chumvi na sukari, na wewe unayeuza samaki wakavu unajua chumvi iliyomo humo. Ugali upungue kidogo, mboga ziongezeke. Omba upimwe sukari na presha ya damu kila ukienda kliniki. Ukipata kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara, usisubiri tarehe.

Kitu ambacho wengi hawakijui: mtu akitakiwa kutumia vidonge hivi muda mrefu, mara nyingi hushauriwa ameze kalsiamu na vitamini D kulinda mifupa. Kwenye sarkoidosisi vile vinundu vyenyewe hutengeneza vitamini D iliyo tayari kufanya kazi, na kalsiamu inaweza kuzidi kwenye damu mpaka ikaumiza figo. Kwa hiyo usinunue vidonge hivyo kwa kuambiwa na jirani. Damu ipimwe kwanza.

Kama dozi haishuki bila macho kuwaka, daktari anaweza kukuongezea dawa nyingine kama methotreksati, ambayo humezwa siku moja tu kwa wiki. Wanaoimeza kila siku kwa kukosea hudhurika vibaya, kwa hiyo mkubaliane siku na uiandike ukutani. Na mwanangu, una miaka 34: methotreksati na mimba haviendi pamoja kabisa. Mwambie daktari mapema kama mnafikiria mtoto wa nne, au nenda kwenye uzazi wa mpango kabla hujaianza. Usione haya kulitaja hilo mbele ya daktari mwanaume.

Salfa. Hakuna anayeweza kusema ndiyo iliyoleta ugonjwa huu, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, lazima uzuiwe, najua mikorosho ndiyo ada ya shule na sare. Lakini vumbi la salfa likiingia kwenye macho yako litayawasha, na hutajua kama wekundu ni wa salfa au ugonjwa umerudi. Mwaka huu mashine aishike baba watoto au kibarua, naye avae miwani ya kujikinga na barakoa. Wewe kaa mbali na shamba siku ya kupuliza na upande unakoelekea upepo. Wekundu wa salfa hutulia ukinawa kwa maji safi na siku ikapita. Usipotulia kesho yake, au ukija na maumivu ya ndani na kukimbia mwanga, ni kliniki.

Kila asubuhi simama mahali pale pale mbele ya kalenda ya ukutani, ziba jicho moja kwa kiganja, soma tarehe, kisha ziba jingine. Tukitazama kwa macho mawili, jicho zima hulificha lililoharibika. Siku tarehe ulizozisoma jana hazisomeki, au mistari ya kalenda imepinda, au vidoa vimeongezeka ghafla, usingoje tarehe yako. Vivyo hivyo moyo ukienda mbio bila sababu, ukazimia, au upande mmoja wa uso ukalegea. Ugonjwa huu unaweza kugusa moyo na mishipa ya fahamu, na kama hujawahi kupimwa umeme wa moyo, uliza.

Utapona? Kwa watu wengi sarkoidosisi hutulia ndani ya miaka michache, kwa wengine hukaa na kurudi rudi. Macho yanayofuatiliwa vizuri mengi hubaki yanaona. Ndiyo maana naing'ang'ania hiyo tarehe.

Nauli. Najua miezi hii, kabla ya mnada wa kwanza wa korosho, mifukoni hamna kitu. Uliza hospitali ya wilaya kama wana mtaalamu wa macho mwenye kifaa cha kupima presha ya jicho. Kama yupo, mwombe daktari wako wa Mtwara akuandikie karatasi ili vipimo vya katikati ufanyiwe karibu, safari ndefu iwe ya kuchunguza retina. Ukipewa rufaa ya hospitali ya Muhimbili au ya CCBRT, Dar es Salaam, usidhani umekatiwa tamaa. Ni kwamba kuna kipimo au dawa ambayo huko ipo. Ukienda, beba filamu ya eksirei, jibu la kile kinyama, na chupa zote za dawa, pamoja na ile ya dukani kama bado ipo, daktari aisome.

Ukikosa nauli kabisa, usiruke tarehe kimya kimya. Piga simu au mtume mtu kliniki wakupangie siku nyingine ya karibu, na uwaambie umebakiwa na vidonge vingapi ili visikatike katikati.